Umejuaje? Hotuba kwa wanaoanza shahada ya mawasiliano na uandishi wa habari

Wanafunzi wa mwaka wa kwanza, walimu wenzangu, wazazi na walezi mliowasindikiza, karibuni sana.

Wengi wenu mmekuja hapa kwa sababu mnapenda kuandika, au mna sauti inayopendeza redioni, au tangu shuleni ninyi ndio mliokuwa mkisoma risala mbele ya wageni. Huo ni mtaji, wala hatuudharau. Ila sauti nzuri na kalamu nyepesi hazihitaji miaka mitatu au minne ya chuo kikuu. Kinachohitaji miaka hiyo ni kuulizwa "umejuaje?" katika kila sentensi unayoandika, ukaulizwa na kuulizwa tena, mpaka ukawa unajiuliza mwenyewe kabla mwalimu hajafungua kinywa. Idara hii ipo kwa ajili ya swali hilo, nami leo sina jingine kubwa kuliko hilo.

Masomo haya si ya kale. Zamani mwandishi alijifunza kazi kama fundi anavyojifunza: aliingia gazetini akiwa kijana wa kutumwa, akatazama wakubwa, akapanda. Mwaka 1905 Willard Bleyer alianza kufundisha uandishi wa habari katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani. Mwaka 1908 Chuo Kikuu cha Missouri kikafungua shule kamili ya fani hii chini ya Walter Williams. Vyote viwili ni vyuo vya umma, na kila kimoja kilikuwa na njia yake. Missouri waliamini mikono: siku ya kwanza ya masomo, wanafunzi walitoa gazeti halisi. Bleyer yeye aliamini kichwa: alitaka sehemu kubwa ya masomo ya mwandishi iwe historia, uchumi, siasa na sosholojia, na ufundi wa gazeti uchukue sehemu ndogo. Ratiba mliyopewa asubuhi imezaliwa na wazee hao wawili. Mkiona Jumatatu mnafundishwa kushika kipaza sauti na Jumanne mnasomeshwa nadharia, msidhani waliopanga walichanganyikiwa.

Nadharia ndiyo wengi huiona mzigo, basi niseme inafaa nini. Mwaka 1948 Harold Lasswell, mtaalamu wa siasa wa Marekani, aliandika kwamba mawasiliano yanaweza kuelezwa kwa kujibu maswali haya: nani anasema, anasema nini, kwa njia gani, kwa nani, na kwa matokeo gani. Ukiyakariri kwa ajili ya mtihani, utayasahau wiki ya pili. Ukiyashika mkononi unaposoma taarifa ya taasisi fulani, yatakuonyesha upesi kwamba "nani" ni ofisa uhusiano aliyelipwa kuisema, na kwamba "kwa nani" ni mfadhili, si mwananchi. Mwaka 1968 watafiti wa mawasiliano Maxwell McCombs na Donald Shaw waliwahoji wapigakura 100 wa Chapel Hill, North Carolina, waliokuwa hawajaamua watampigia nani. Walilinganisha mambo waliyoyaona muhimu watu hao na mambo yaliyopewa nafasi kubwa na vyombo vya habari, wakakuta orodha hizo mbili zinafanana mno. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Somo lake kwa mwandishi ni zito: hata usipomwambia msomaji afikirie nini, unamwambia afikirie kuhusu nini. Kwa hiyo habari uliyoiacha mezani nayo ni uamuzi, na utaulizwa kwa nini umeiacha.

Muhula wa pili mtafanya zoezi la kuchambua maudhui. Mtachagua chombo kimoja, mtachukua habari zake za wiki mbili, na kila habari mtaiandikia mada, vyanzo vilivyonukuliwa, jinsia ya wasemaji, na urefu. Zoezi hili huharibika pale pale kila mwaka: makundi ya mada yanaingiliana. Habari ya kodi mpya ni siasa au ni uchumi? Mmoja ataiweka huku, mwenzake kule, na jumla haitakuwa na maana. Dawa yake ni kuandika ufafanuzi wa kila kundi kabla ya kuhesabu, kisha watu wawili wapange habari zile zile, kama sehemu moja ya kumi ya zote, kila mmoja peke yake. Wakipishana sana, wenye kosa si wapangaji, ni ufafanuzi. Urekebisheni, muanze upya. Inachosha, lakini ndivyo mtakavyojifunza kwamba hata neno "siasa" lina mipaka inayotakiwa kuchorwa.

Sasa tuje kwenye sentensi yenyewe. Chukueni hii, niliyoitunga kwa mfano: "Mkurugenzi alisema bei ya maji imepanda kwa asilimia 40 tangu mwaka jana, jambo lililowaathiri zaidi ya watu 12,000." Inasomeka vizuri, na ingepita katika vyumba vingi vya habari bila kuguswa. Tuipasue.

Mkurugenzi: ni mkurugenzi au kaimu? Wa idara au wa taasisi nzima? Alisema: alimwambia nani, lini, au ni maneno ya karatasi iliyosambazwa, ambayo yeye hakuyatamka? Bei ya maji: bei ya uniti moja, au bili ya mwezi pamoja na tozo zake? Asilimia 40: kutoka ngapi hadi ngapi? Kama uniti ilikuwa 10 sasa ni 14, sawa. Kama ilikuwa 10 sasa ni 13.5, mtu ametia chumvi na wewe umeipakua. Tangu mwaka jana: tangu mwezi wa kwanza au wa kumi na mbili? Hapo pana tofauti ya karibu mwaka mzima. Lililowaathiri: nani amepima athari hiyo? Watu 12,000: ni watu, kaya, au mita za maji zilizounganishwa? Mita moja inaweza kuhudumia familia ya watu sita au shule nzima. Na hilo "zaidi ya" linaficha nini? Sentensi moja imebeba madai manane, na kila dai linaweza kuwa uongo peke yake huku mengine yakiwa kweli.

Ndiyo maana tunawafundisha kukagua mstari kwa mstari. Ukimaliza kuandika, chapa kazi yako kwenye karatasi, maana kwenye skrini jicho huteleza. Pigia mstari kila jina, cheo, namba, tarehe, mahali na nukuu. Pembeni andika chanzo cha kila kimoja: ukurasa wa ripoti, dakika ya sauti iliyorekodiwa, ukurasa wa daftari. Palipokosa chanzo, ama utafute ama ufute. Habari ya maneno 400 huchukua takriban saa moja kwa anayeanza. Msikague kwa kutegemea kumbukumbu, kwani kumbukumbu ndiyo iliyoliingiza kosa. Na majina yaandikwe kwa kumuuliza mwenyewe herufi kwa herufi, hata kama ni jina ambalo kila mtu analijua. Majina yanayodhaniwa kujulikana ndiyo yanayokosewa zaidi.

Kiswahili chetu cha habari nacho kina maficho yake. "Imeelezwa kuwa", "imebainika kuwa", "imedaiwa kuwa": imeelezwa na nani? Umbo hilo la kutendwa ni tamu, lina hadhi ya kiofisi, na linamfuta msemaji. Hapa idarani tutalirudisha kila tunapolikuta. Halafu kuna "wananchi wameitaka serikali", kumbe waliohojiwa ni watu watatu waliokuwa wamesimama kituoni. Andika kwamba walikuwa watatu. Na "zaidi ya watu 347" hapana: kama umehesabu 347, ni 347. Tofautisheni pia mtuhumiwa na mshtakiwa. Mtuhumiwa anashukiwa, mshtakiwa amefikishwa mahakamani na kusomewa shtaka, na hakuna kati yao aliyetiwa hatiani. Ukisema "mwizi huyo" kabla ya hukumu, umempa wakili wake kesi dhidi yako. Wala "inadaiwa" haikukingi: katika nchi nyingi, anayerudia kashfa ya mwingine huhesabiwa ameisema yeye.

Namba zinahitaji kituo chake. Tunawataka mchukue walau somo moja la takwimu nje ya idara hii, tena mapema, msisubiri mwaka wa mwisho. Kiwango cha ufaulu kikitoka asilimia 40 hadi 50, kimeongezeka kwa pointi 10 za asilimia, ambalo ni ongezeko la robo ya kile kilichokuwepo. Anayetaka kujisifu atasema 25, anayetaka kuponda atasema 10, na wote wawili wana ukweli mkononi. Mpe msomaji namba zote mbili za mwanzo na mwisho, ahesabu. Wastani nao hudanganya: watu tisa wanaopata 100 wakikaa na mmoja anayepata 10,000, wastani wao ni 1,090, na hakuna hata mmoja kati yao anayepata hiyo. Wapangeni kuanzia anayepata kidogo kabisa hadi anayepata nyingi kabisa, mtazame wa katikati.

Kura za maoni ndizo zinazotutia aibu zaidi. Sampuli ya watu 1,000 iliyochaguliwa kwa bahati nasibu ina pengo la makosa, yaani kiasi ambacho matokeo yanaweza kupishana na hali halisi ya watu wote, la takriban pointi 3 za asilimia juu na 3 chini. Kwa hiyo mgombea mwenye 48 na mwenye 46 wanakabana, na kichwa cha habari kinachosema "anaongoza" hakina msingi. Mkitaka pengo hilo lipungue nusu, sampuli lazima iwe mara nne. Lakini ukubwa si kila kitu. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilituma karatasi zipatazo milioni 10, likarudishiwa zaidi ya milioni 2, likatabiri kwamba Alf Landon angemshinda Franklin Roosevelt katika uchaguzi wa rais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Majina yalitolewa kwa wingi katika vitabu vya simu na orodha za wenye magari, katikati ya mdororo wa uchumi, na waliojisumbua kurudisha karatasi hawakufanana na walionyamaza. Kila mnapoletewa utafiti, ulizeni kwanza: mliwapataje watu hawa?

Kwenye mahojiano, masharti hukubaliwa kabla. Mwambie mtu wewe ni nani, kazi itatumika wapi, na kwamba unarekodi. Mwanasiasa mzoefu akimaliza kusema kisha akaongeza "hilo usiliandike", amechelewa. Mkulima au mgonjwa ambaye hajawahi kuzungumza na mwandishi ni jambo jingine. Huyo mrudie, mweleze maneno yake yatasikika wapi na nani atayasikia, umwachie nafasi ya kufikiri. Sheria haikulazimishi. Sisi tunakulazimisha.

Kuhusu vifaa nitapita haraka, maabara zipo. Weka simu katika hali ya ndege, kwani simu ikiingia, programu nyingi hukatisha kurekodi bila kukuambia. Kipaza sauti kikae shibiri moja kutoka mdomoni, kimeinamishwa pembeni kidogo ili pumzi za "p" na "b" zisikigonge. Kipimo cha sauti kicheze karibu na desibeli 12 chini ya sifuri. Kikigusa sifuri sauti inapasuka, na iliyopasuka hairekebishiki. Vaa hedifoni wakati wote. Asiyevaa hugundua mngurumo wa feni akiwa tayari ofisini, na msemaji ameshaondoka. Kabla ya kufunga, rekodi sekunde 30 za ukimya wa chumba kile, utazihitaji kuziba mapengo unapohariri. Na daftari liwepo hata kama kinasa sauti kinafanya kazi: andika dakika ya kila jambo zito, usije ukasikiliza saa nzima ukitafuta sentensi moja.

Picha na video za mitandaoni ndiko tunakolishwa matango pori siku hizi. Msianze kwa kuuliza kama picha ni ya kweli. Anzeni kwa kutafuta imeonekana lini kwa mara ya kwanza, kwa programu za kutafuta picha kinyume, ambazo unazipa picha nazo zinakuonyesha ilikowahi kutokea. Picha nyingi za uongo ni picha halisi za mahali pengine na mwaka mwingine. Kisha tazameni maandishi ya maduka, namba za magari, upande wa kivuli, hali ya hewa siku hiyo. Msitegemee taarifa zilizofichwa ndani ya faili, maana programu nyingi za kutumiana ujumbe huzifuta. Mtafuteni aliyepiga, aombwe faili la asili. Programu zinazoandika zenyewe ziangalieni kwa jicho hilo hilo: hubuni jina, cheo na nukuu kwa sauti ya uhakika kamili. Mkizitumia kugeuza sauti kuwa maandishi, kila nukuu mtakayochapisha isikilizwe tena kutoka kwenye sauti. Neno "si" likidondoka, mtu amekiri alichokikana.

Sasa nije kwenye jambo ambalo chuo cha umma kinalo na wengi hawalioni. Chuo hiki chenyewe ni taasisi ya umma. Kina bajeti, baraza, zabuni, wakaguzi wa hesabu, kanuni za mabweni, na maelfu ya watu wanaoguswa na kila uamuzi. Huko ndiko eneo lenu la kwanza la kuripoti, na lipo umbali wa kutembea kwa miguu. Ripoti ya ukaguzi isomwe kuanzia nyuma: viambatisho na majibu ya menejimenti ndipo palipo na habari, muhtasari wa mbele umeshapigwa pasi. Hoja ya mkaguzi iliyojirudia miaka mitatu mfululizo ni habari kuliko hoja mpya. Kama nchi ina sheria ya haki ya kupata taarifa, ombi liandikwe kwa maandishi, litaje hati moja iliyo wazi na kipindi chake. Anayeomba "nyaraka zote za mabweni" atajibiwa kwa kukataliwa, na atakuwa amejitakia.

Wakubwa wa chuo wakati mwingine hawatafurahi. Mwaka 1973 Mahakama Kuu Kabisa ya Marekani iliamua kesi ya mwanafunzi wa uzamili wa uandishi wa habari aliyefukuzwa na Chuo Kikuu cha Missouri kwa kusambaza gazeti ambalo uongozi uliona lina lugha chafu. Mahakama ilisema chuo cha umma hakiwezi kuzuia usambazaji wa mawazo kwa sababu tu yanaudhi hisia za watu. Mnaona ni chuo kile kile kilichotangulia kufungua shule ya fani hii. Sheria hutofautiana nchi kwa nchi, lakini swali litawafikia popote: gazeti la wanafunzi linahaririwa na nani, na nani anaweza kulizima? Ulizeni katiba yake ya uhariri iko wapi. Kama haipo, iandikeni kabla ya mgogoro wa kwanza, maana katikati ya mgogoro hakuna atakayekubaliana na mwenzake.

Haki ya kujibu nayo ina ufundi. Kumpigia mtu dakika 20 kabla ya gazeti kufungwa, kisha kuandika "hakupatikana", ni ujanja, na msomaji mwenye akili anauona. Tuma maswali kwa maandishi, kila tuhuma iwe na tarehe na kiasi chake, mpe walau siku moja nzima ya kazi, zaidi kama nyaraka ni nyingi. Jibu lake liwekwe karibu na tuhuma, lisitupwe aya ya mwisho. Mara nyingi jibu hilo hubadilisha habari yote, na ni afadhali ibadilike kabla haijatoka.

Wale mnaoelekea uhusiano wa umma, mawasiliano ya afya au ya maendeleo, msidhani swali la "umejuaje?" haliwahusu. Bango la chanjo lililotungwa ofisini bila kuonyeshwa kwa walengwa hushindwa kwa sababu ndogo: neno moja ambalo kwao lina maana nyingine, au mchoro wasioutambua. Waonyeshe watu wanane au kumi, mmoja mmoja, kisha usiwaulize kama wamependa. Waulize bango linawaambia wafanye nini. Watatu wakikosea, bango limekosea. Ila chagueni upande katika kila jambo: huwezi kuandika taarifa ya shirika asubuhi na kuiripoti jioni.

Mafunzo kwa vitendo yatakuja mwaka wa pili au wa tatu. Hatari yake kubwa ni kugeuzwa mnakili wa taarifa za taasisi, wiki nane za kubadilisha aya ya kwanza. Mkikutana na hilo, ombeni kila wiki habari moja inayohitaji kutoka nje. Tunzeni nakala mbili za kila kazi, mliyokabidhi na iliyochapishwa, mzilinganishe neno kwa neno. Mhariri hana muda wa kuwafundisha, lakini kalamu yake inafundisha.

Basi kazi ya kwanza hii hapa, ya Jumatatu. Kila mmoja atafute hati moja ya umma ya chuo hiki: kanuni ya ada, tangazo la zabuni, ratiba ya kikao, chochote kilicho wazi kwa wote. Aandike habari ya maneno 150, ichapwe kwa nafasi pana, kila dai lipewe namba, na nyuma ya karatasi kila namba iandikiwe chanzo chake. Njooni na kalamu nyekundu. Mtabadilishana karatasi na jirani, na jirani ataanza na sentensi ya kwanza: umejuaje?